Salamu Isiyo na Stempu

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipousema mimi atausema Haji, na Haji akisimulia jambo haachi hata herufi moja. Nilitunga salamu. Sikuiba, sikumpiga mtu, sikuchana kitabu cha skuli. Nilisimama barazani Jumapili asubuhi nikasema kwamba mama yangu anamsalimia dada yake wa Makunduchi, na anamwambia hivi: "Njoo, wali ushaiva." Mama hakusema hivyo. Mama alikuwa na mwaka wa nne hajalitaja jina la dada yake, na hata akimwota, asubuhi hutuambia kaota "mtu mmoja".

Asiyekaa mtaa wetu wa Mkunazini ataona salamu moja ya uongo si kitu. Ili ajue uzito wake, amjue kwanza aliyeibeba, naye ni Bwana Posta.

Sitasema kazaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe ukimuuliza hukujibu, "Nimezaliwa njiani," akabadilisha gia hata kama amekaa kitako barazani. Nilipoanza kumjua, mwaka wa Mapinduzi, mimi nilikuwa na miaka minane na yeye ndio kwanza kastaafu. Kazi yake yote ilikuwa kuendesha gari ya posta kwenda shamba: Chwaka, Mkokotoni, Makunduchi, na vijiji vyote vilivyo katikati ambavyo gari nyingine hupita bila ya kugeuza shingo. Serikali ikamwambia basi, pumzika. Akapumzika wiki mbili. Wiki ya tatu akanunua gari ndogo kwa daktari wa meno wa Kihindi aliyekuwa akihama, gari ya rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, akaanza kwenda zake shamba kila Jumapili kama kwamba hakuna aliyemwambia kitu. Aliiweka Darajani, kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi hata punda aliyeshiba.

Barua hakuwa nazo tena. Akabeba salamu.

Jumapili asubuhi, baada ya kahawa, alikaa barazani na watu wakaja mmoja mmoja. Bi huyu ana shoga yake Bumbwini, mzee yule ana mkwewe Dunga, fundi cherahani ana mama Kizimkazi. Kila mmoja alisema salamu yake, Bwana Posta akaisikiliza amefumba macho. Sharti zake zilikuwa chache na hazikupindika. Habari za ugonjwa habebi. Madeni habebi. Mizigo habebi hata kidole cha ndizi, na akiletewa kikapu husema, "Kampe wa gari ya shamba, mimi sina turubali." Na sharti kubwa kuliko zote, salamu itoke kwa mdomo wa mwenyewe. Ukimletea ya mtu mwingine hukwambia, "Hii haina stempu," anakurudisha nayo nyumbani.

Watu wakamcheka, lakini wakamwamini. Salamu ni amana. Chuoni, tuliposoma Kurani, tulifundishwa kwamba mtu akiletewa salamu imempasa aijibu, na Bwana Posta aliyarudisha majibu yote jioni, mlango kwa mlango, kwa sauti ile ile. Jibu likija na kicheko, alicheka. Likija na kikohozi, akakohoa. Mtu aliyeendesha barua miaka yote ile, sikupata kumwona ameshika kalamu. Alisema barua hueleza mtu alichoandika, salamu hueleza mtu alivyo. Halafu akaomba amiminiwe kahawa nyingine, maana hakupenda maneno yake yakae kimya mbele za watu.

Sasa kiti cha mbele.

Gari ile ilikuwa na kiti kimoja cha maana, cha mbele, upande wa kushoto. Nyuma palikuwa na tairi la akiba, dumu la maji na harufu ya viatu. Kila safari alichukua mtoto mmoja wa mtaani akamketisha mbele, na kazi ya mtoto ilikuwa kushika salamu zote moyoni pamoja naye. Alisema kumbukumbu mbili huchungana, moja ikiiba nyingine hupiga kelele. Ukikaa pale ulikuwa mtu. Ulipita Darajani kiwiko kimetoka dirishani, na wenzako wamesimama jua kali wanakutazama kama sinia ya biriani inayopelekwa nyumba ya pili.

Nilikaa kiti kile mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nasema mara moja, na ilitosha kuniharibia miaka miwili ya maisha.

Tulikwenda Chwaka. Kutoka mjini mpaka Chwaka gari ya shamba hufika kabla mtu hajamaliza muwa wake. Sisi tulitoka saa mbili za asubuhi tukafika adhuhuri. Bwana Posta alikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Tukasimama Dunga. Akazima gari, akaingia kwenye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani, akatoa salamu kwa sauti kamili mbele ya ukuta wenye majani. Nikamwambia hamna mtu. Akasema, "Mwenye nyumba hayupo. Nyumba ipo." Akazunguka jiwe kwa jiwe, akanionesha dirisha lilikuwa wapi na ngazi ilipandia wapi, mimi natazama gari tu, nahofia mtu asije akakaa kiti changu.

Alikuwa na mambo na miji ya zamani. Hakupiga honi kuingia mji wowote uliokuwapo kabla ya barabara. Alisema mji mzee haupigiwi honi, unapigiwa hodi. Kwa hivyo karibu na nyumba za mwanzo alizima injini, gari ikaingia inateleza yenyewe, kimya, kama paka anayerudi na kosa. Pasipo na mteremko, aliyekaa mbele alishuka akasukuma. Nilisukuma gari ile kuingia Chwaka, jasho linanitoka, watoto wa Chwaka wananicheka, na wallahi sijapata kuwa na raha kama siku ile.

Kisha nikaharibu. Palikuwa na mzee mmoja aliyesalimiwa na Bi mmoja wa mtaani kwetu, salamu fupi: anakusalimia na anauliza hali. Mimi nikaona fupi mno, nikaitia chumvi. Nikasema anakusalimia na anauliza hali ya meno, kama yamerudi au bado yako safarini. Baraza zima lilianguka kwa kicheko. Mzee hakucheka, na hakuwa na la kuchekea, maana meno alibakiwa na mawili. Bwana Posta alimshika mkono, akamwambia salamu ilikuwa ya hali tu, hayo mengine ni ya gari. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Darajani akafungua mlango wangu yeye mwenyewe, kwa heshima, kama ninavyodhani hufunguliwa mlango wa jeneza.

Jumapili iliyofuata kiti kilikuwa cha Haji.

Haji anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na tunasoma darasa moja. Ni mtoto mwenye kola iliyonyooka. Juzuu ngapi za Kurani kahifadhi sitaki kuzitaja. Ukimwambia jambo mwezi wa Mfunguo Mosi, Mfunguo Tatu analo vile vile, na kikohozi chako ndani. Mtu wa namna hii huwezi hata kumpiga, maana atasimulia ngumi moja moja kwa mpangilio. Kwa miaka miwili Haji alikwenda Mangapwani, Bumbwini, Mkokotoni, Unguja Ukuu, Kizimkazi, Makunduchi, na kila Jumatatu aliniletea kisiwa kizima skuli, bila ya kujisifu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akijisifu unaweza kumzomea.

Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu Bwana Posta nimeyapata kwa Haji, na nimeyapokea kama mtu anayekula chakula cha adui kwa sababu ana njaa. Ni Haji aliyenambia kwamba mzee yule, mhubiri wa mwendo wa pole, alikuwa hawezi kustahamili kupitwa na gari ya shamba ya Makunduchi. Ikitokea nyuma yake alikamata usukani kwa mikono miwili, akapiga Bismillahi, na kuku wa Tunguu nzima wakajua. Alipokwisha kuiacha nyuma alirudi mwendo wa sindano akasema, "Haraka haina baraka." Ni Haji aliyenambia kwamba hajapata kupanda chombo cha baharini, hata cha kwenda kisiwani pale mbele ya Forodhani, kwa kuwa njia ya majini haina pembeni pa kusimama. Kizimkazi aliingia msikiti wa kale, akampeleka Haji kwenye kibla, akamtaka asome maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe. Haji akatazama zile herufi za Kiarabu cha kale zenye pembe, akashindwa. Kwa habari hiyo nilikula vizuri wiki nzima.

Na jambo la Unguja Ukuu. Huko anakaa mtalaka wake. Bwana Posta alisimama kwenye mlango ule kila alipopita, akampa mama yule salamu za mtaa mzima, moja baada ya moja, na mama akazijibu zote. Mwisho akamuuliza, "Na wewe je?" Haji anasema kila safari Bwana Posta alitazama saa, na saa yenyewe ilikuwa imekufa zamani, akasema tumechelewa, akawasha gari. Mtu aliyebeba salamu za kisiwa chote, yake mwenyewe ilimshinda kuitoa garini. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Haji hakucheka, akanitazama tu na kola yake.

Wivu wangu ulikwenda hivyo, ukanenepa. Nilimwonea Haji wivu wa vumbi la shati lake Jumapili jioni. Nilimwonea wivu wa kusukuma. Ilifika hadi namwonea wivu tairi la akiba.

Ndio nikaja na akili yangu ile ya Makunduchi.

Mama kwao ni Makunduchi, na dada yake mkubwa anakaa huko mpaka leo. Babu, baba yao, alikuwa akiishi kwetu mjini. Mama na Mama Mkubwa walikuwa wakimsukia mkeka, kila mmoja anasuka nyumbani kwake ukili wake, utepe mrefu wa ukindu, waje waziunge pamoja. Babu akafa katikati ya juma. Mama Mkubwa siku ile alikosa gari, alitembea nusu ya njia, akafika maiti kashazikwa na watu wameshapakuliwa. Mama yangu, mbele ya kina mama wote, akamwambia, "Umewahi. Wali ushaiva." Mama Mkubwa alikuwa hajaweka mkoba wake chini. Hakuuweka. Aligeuka, akarudi. Makunduchi kila mwaka watu hupigana kwa mabua ya migomba siku ya Mwaka Kogwa ili kinyongo kiishe, wanatandikana kisha wanakula pamoja. Hawa wawili walinyamaza, basi hakikwisha. Ukili wa Mama ulibaki umeviringwa ndani ya sanduku, na sisi tulikatazwa kuligusa.

Mpango wangu ulikuwa huu. Salamu itafika na maneno yale yale. Mama Mkubwa atawaka. Bwana Posta ataaibika, atakuja kumuuliza Mama, Mama atakana, mimi nitakana, na Haji ndiye atakayeonekana kaitunga. Kiti kitabaki wazi. Mpango huu ulikuwa na tundu la kupita ng'ombe, lakini mwenye wivu haoni matundu, anaona kiti.

Jumapili ile nikamwambia Haji salamu yangu, mbele ya Bwana Posta. Mzee akafumbua macho.

"Mama yako haji mwenyewe?"

"Ana homa, Bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Wakati huo huo dirisha la juu likafunguka, na Mama akamwita muuza samaki aliyekuwa ameshafika kona ya pili. Muuza samaki alirudi. Nadhani na samaki waligeuka.

"Homa yenyewe ina sauti nzuri," Bwana Posta akasema. Wazee wakacheka ndani ya vikombe. Nikangoja anirudishe, aniambie haina stempu. Alinitazama muda mrefu, kisha akatazama lile dirisha. Halafu akamwambia Haji, "Ishike hiyo."

Waliondoka saa mbili. Nilishinda siku ile kama mtu aliyemeza kokwa. Mama alipika, akafua, akaimba. Kila alipoimba nilitamani ningekuwa na homa mimi.

Jioni nikasikia miguu kwenye ngazi yetu. Haji alitangulia. Akanikuta kwenye kona ya giza akanieleza upesi, kwa maneno ya kila mtu, kama ilivyo tabia yake. Walimkuta Mama Mkubwa anakuna nazi. Haji akatoa salamu. Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Mama Mkubwa akamtaka airudie, akairudia.

"Kasema 'ushaiva'?"

"Ndiyo, Bi. 'Ushaiva'."

Akakaa hivyo na kifuu mkononi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifunika kanga usoni, na ilipoondoka kanga hakikuwa kicheko tena. Akasema, "Yule hajui kuomba radhi. Tangu mdogo, akinikosea, hurejea neno lile lile kwa sauti ya chini. Basi ndiyo radhi hiyo." Akaingia ndani, akatoka na kitu.

Nilitaka kumuuliza Haji kitu gani, lakini Bwana Posta alikuwa ameshafika juu, anahema. Hakuwa amepata kupanda ngazi yetu, majibu yote aliyatolea mlangoni. Na kwapani alikuwa amebana ukili umeviringwa, mrefu, wa rangi mbili, umekuwa wa manjano kwa kuwekwa. Mtu asiyebeba hata kidole cha ndizi.

Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kunitazama. Mama akatoka jikoni anafuta mikono. Aliuona ukili kabla hajamwona mtu.

"Bi Mize," Bwana Posta akasema, "dada yako amezipokea salamu zako. Anakusalimia. Anasema wali huo umekaa jikoni miaka minne, lakini yeye si mtu wa kuchagua."

Mama akanitazama mimi. Sijui mama wengine wanatazamaje, wangu anatazama na kurasa. Alinisoma kuanzia jalada. Neno moja tu la Mama lilihitajika, "Sikutuma," na kila kitu kingelivunjika hapo sakafuni: jina la Bwana Posta, Haji na kiti chake, Mama Mkubwa aliyecheka na kulia bure mbele ya watoto wa watu. Ndicho nilichokuwa nimekipanga. Kilikuwa pale, tayari, na mimi nilikuwa naomba Mungu Mama asikiseme.

Bwana Posta akauweka ukili juu ya sanduku. "Nilijua ile haina stempu," akamwambia Mama, polepole, kama anayempisha mtu njiani. "Lakini sisi posta tuna sheria. Barua isiyo na stempu haitupwi. Inafikishwa, na anayeipokea ndiye anayelipa. Dada yako kalipa."

Chini mtu alipita na baiskeli, akagonga kengele mara mbili.

"Alayka wa alayhas salaam," Mama akasema. Juu yako na juu yake.

Bwana Posta akainamisha kichwa, akashuka. Mlangoni akasimama kidogo na kumuuliza Haji, kwa sauti tuliyoisikia sote, kama anaona Jumapili ijayo wapitie Unguja Ukuu kwanza, kwa kuwa kule ana salamu yake mwenyewe anataka kuipeleka ikiwa bado mapema. Haji akasema naam. Mimi, kusema kweli, hata hapo nilimwonea wivu.

Mama akafunga mlango. Akafungua sanduku, akatoa ukili wake, akaulaza sakafuni ubavu kwa ubavu na ule wa Mama Mkubwa. Wa kwetu ulikuwa mfupi kwa kiasi cha dhiraa moja. Akakaa chini, akaanza kuupima kwa mkono, na akapima mara ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani nangoja kofi. Siku hizi mchele wenyewe kwa foleni, nikawaza, huo wali utatoka wapi, na ningelisema jambo la kuchekesha, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikulipata.

Mama hakunyanyua kichwa. Alisema, "Jumapili utakwenda Makunduchi. Umwambie Mama Mkubwa zile salamu zilikuwa zangu. Na ukae nyuma."